Nia ya Mtafuta Elimu: Al-Azhar na Wanafunzi Wake wa Ugenini

Katika Uislamu, safari ya kutafuta elimu huhesabiwa kuwa ibada. Hadithi iliyopokewa na Imam Muslim inamwahidi mwenye kushika njia kwa ajili ya elimu kwamba Mwenyezi Mungu atamwepesishia njia ya Peponi. Sura ya Tawba nayo, katika aya ya 122, inaeleza kwamba haifai waumini wote kutoka kwa pamoja. Kila jamii itoe kundi la kujifunza dini kwa undani, lipate kuwaonya watu wake litakaporejea kwao. Lakini ibada ina masharti. Haisihi bila nia, na nia haionekani kwa macho. Mtu aliyefunga safari kutoka Mombasa, Kano au Jakarta kwenda kusoma Cairo huenda amekwenda kwa ajili ya Mungu, au kwa ajili ya cheti, au kwa kukimbia shida za kwao, au kwa yote matatu yaliyochanganyika hata mwenyewe asiweze kuyatenga. Lipo na sharti la pili, ambalo halitajwi sana: kinachotafutwa lazima kiwe kweli, na kweli haipatikani kwa kuwaheshimu walimu tu. Mtafiti hana budi kuuliza, kushuku, na mara nyingine kuwakatalia waliomfundisha. Je, kazi ya namna hiyo, pamoja na shaka zake zote, inaweza kuwa ibada? Na kama inaweza, ni kitu gani kinachoiharibu?

Ni mahali pachache duniani ambapo swali hili limekaa kwa muda mrefu kama Al-Azhar, chuo cha Cairo ambacho kimepokea wanafunzi wa mataifa mengi tangu karne za kati.

Azhar yenyewe ilijengwa na wageni. Jeshi la Makhalifa wa Kifatimi lilitoka Ifrikia, yaani Tunisia ya leo na jirani zake, likaiteka Misri mwaka 969 chini ya jemadari Jawhar, aliyejulikana kwa jina la Msisilia. Mwaka uliofuata alianza kujenga msikiti katika mji mpya wa Cairo, na mwaka 972 ukafunguliwa kwa swala. Darsa la kwanza linalojulikana lilitolewa mwaka 975. Mwaka 988 waziri Yaqub ibn Killis, mzaliwa wa Baghdad aliyekuwa Myahudi kabla ya kusilimu, alimwomba Khalifa al-Aziz awawekee posho na makazi wanachuoni 35 wafundishe hapo. Kilichofundishwa wakati huo kilikuwa fikihi ya Kiismaili, yaani ya tawi la Ushia. Salahuddin alipoumaliza utawala wa Kifatimi mwaka 1171, hotuba ya Ijumaa iliondolewa Azhar kwa karibu miaka 100, mpaka Sultani Baybars alipoirudisha mwaka 1266. Na chuo kilichoinuka baada ya hapo kilikuwa cha Kisunni. Jambo hili lastahili kukumbukwa na kila anayedhani kwamba chuo kikongwe hubeba mafundisho yaleyale tangu siku ya kwanza. Kuta zilibaki, mafundisho yakabadilika, na kila upande ulikuwa na yakini kwamba unafundisha haki.

Wanafunzi wa mbali walikaa ndani ya msikiti wenyewe, katika sehemu zilizoitwa riwaki. Kila riwaki ilikuwa na watu wa nchi au jimbo lake: Maghribi, Sham, Waturuki, Wahindi, watu wa Java, watu wa Sennar kule Sudan, na Wajabarti kutoka Zeila na nchi za Pembe ya Afrika. Ilikuwa na sheikh wake, maktaba yake, makabati ya kuwekea vitu, na mapato ya wakfu yaliyogawiwa kwa njia ya mikate. Mkate huo ulikuwa uhai wa mwanafunzi. Idadi aliyoandikiwa kwa siku ilionyesha cheo chake katika masomo, na baadhi waliuza sehemu ya fungu lao wapate fedha ya mafuta ya taa na karatasi. Mchana walikaa duara mbele ya sheikh aliyeegemea nguzo. Hakukuwa na madarasa ya miaka wala kengele. Mwanafunzi alichagua nguzo yake, yaani mwalimu wake na kitabu chake, akahama alipoona amepata au amekosa alichokifuata.

Haki ya wageni hao kukaa pale haikuwa salama siku zote. Mwanahistoria al-Maqrizi, aliyefariki mwaka 1442, ameandika kwamba katika mwaka 818 wa Hijria, karibu na 1415 kwa hesabu ya Miladi, msikitini mlikuwa na wakazi 750 mafakiri, wakiwamo Waajemi, watu wa Zeila, watu wa mashamba ya Misri na watu wa Maghribi, kila kundi na riwaki yake. Mwaka huo amiri aliyekabidhiwa usimamizi wa msikiti aliamuru wafukuzwe, na katika fujo hiyo vitu vyao vikaporwa. Hoja yake ilikuwa usafi na heshima ya nyumba ya Mungu: msikiti ni wa kuswali, si wa kulala. Al-Maqrizi aliyaona hayo kuwa msiba, kwa kuwa watu hao walikuwa wakisoma Kurani, fikihi, hadithi na nahau usiku na mchana. Hoja mbili zilizogongana hapo ndizo zinazogongana hadi leo kila mahali chuo kinapopokea wageni. Moja inamwona mgeni kuwa mzigo kwa mwenyeji. Nyingine inasema kwamba elimu haina mwenyeji: aliyezaliwa mita 100 kutoka kwenye nguzo ya sheikh hana haki nayo zaidi ya aliyetembea miezi mitatu kuifikia. Uislamu, kwa matini yake yote kuhusu safari ya elimu, unasimama na hoja hii ya pili, na amiri yule hakuwa na pa kuegemea isipokuwa nguvu yake.

Historia pia inaonyesha kwamba wageni hawakuja kupokea tu. Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, alifika Cairo mwanzoni mwa 1383, akafundisha Azhar, na mwaka uliofuata akateuliwa kadhi mkuu wa Kimaliki. Katika Mukadima yake ameweka sura inayoeleza kwa nini safari hukamilisha elimu: mwanafunzi anayekutana na walimu wengi, kila mmoja na istilahi zake, hujifunza kutenganisha elimu yenyewe na mitindo ya kuifundisha. Aliyesoma kwa mwalimu mmoja huidhania njia ya mwalimu kuwa ndiyo elimu. Karne ya 18 Cairo ilimpokea Muhammad al-Kishnawi, Mfulani wa Katsina katika Nigeria ya leo, mtaalamu wa hesabu za mirabaa ya namba, aliyefariki huko mwaka 1741. Aliishi katika nyumba ya Hasan al-Jabarti, mwanachuoni ambaye wazee wake walitoka Pembe ya Afrika na ambaye nasaba yake ilitoa masheikh wa riwaki ya Wajabarti. Mwafrika wa Magharibi akawa mwalimu wa mjukuu wa Waafrika wa Mashariki katika mji wa Misri. Na mtoto wa nyumba hiyo, Abd al-Rahman al-Jabarti, ndiye aliyekuja kuandika historia ya uvamizi wa Napoleon wa mwaka 1798 kwa jicho la walioishi Misri. Murtada al-Zabidi, aliyezaliwa India na kusoma Yemen, aliandikia Cairo kamusi kubwa ya Kiarabu, Taj al-Arus. Lugha ya wenyeji ilipangwa na mgeni.

Hapo ndipo linapoingia suala la nia, na hakuna aliyelichimba kama Abu Hamid al-Ghazali, ingawa chuo chake hakikuwa Azhar. Alizaliwa Tus, nchi ya Uajemi, mwaka 1058. Mapokeo yaliyohifadhiwa na Tajuddin al-Subki yanasema kwamba baba yake alipofariki, mlezi aliyeachiwa watoto alimaliza kile kidogo kilichokuwapo, akawashauri al-Ghazali na ndugu yake waingie madrasa ili wapate chakula. Walianza kusoma kwa sababu ya njaa. Al-Ghazali mwenyewe anasimuliwa kuwa alikuwa akisema, kwa maana, kwamba waliitafuta elimu kwa jambo jingine, na elimu ikakataa kuwa ya yeyote isipokuwa Mungu. Habari hii inampa faraja kila mwanafunzi aliyeingia chuo kwa ajili ya posho. Nia ya kuanzia si hukumu ya mwisho. Elimu ikichukuliwa kwa ukweli inaweza kumsafisha aliyeijia na mikono michafu.

Lakini maisha ya al-Ghazali yanaonyesha pia upande wa pili, tena mkali zaidi. Mwaka 1091 waziri Nizam al-Mulk alimweka kwenye kiti cha madrasa ya Nizamiya ya Baghdad, cheo cha juu kabisa ambacho mwalimu wa zama hizo angeweza kukitamani. Miaka minne baadaye, katikati ya 1095, ulimi wake ulifungwa: alikaa mbele ya wanafunzi akashindwa kutamka neno, na chakula kikakataa kupita. Katika kitabu alichokiandika baadaye juu ya maisha yake anaeleza kwamba aliichunguza nia yake ya kufundisha akaikuta si safi kwa Mungu. Kilichomsukuma kilikuwa jaha na kutajwa. Aliondoka Baghdad, akaishi Sham na kwingineko kwa miaka mingi kabla ya kurudi kufundisha Nishapur mwaka 1106. Kwa hiyo elimu haisafishi yenyewe tu kama dawa iliyomezwa. Mtu anaweza kuanza kwa njaa akafika kwa Mungu, kisha akapanda cheo na kupotea tena akiwa ameshika vitabu vilevile. Nia huchunguzwa kila hatua, na hatari yake kubwa huja wakati wa mafanikio.

Hoja yake iliyo muhimu zaidi kwa chuo cha kimataifa imo katika kazi yake kubwa, Ihya, kwenye kitabu chake cha kwanza, kile cha elimu. Anagawa elimu katika ile ambayo ni faradhi kwa kila mtu na ile ambayo ni faradhi ya kutoshelezana: wachache wakiitekeleza, jamii nzima imesalimika, wote wakiiacha, jamii nzima ina dhambi. Utabibu na hesabu anaviweka katika fungu hili la pili. Kisha anauliza swali la uchungu. Miji mingapi haina tabibu Mwislamu hata mmoja, ilhali humo wanafunzi wanasongamana kwenye fikihi na mijadala ya madhehebu, ambako wajuzi wametosha na kuzidi? Jibu lake halizunguki: utabibu hauleti usimamizi wa wakfu, mali za mayatima wala ukadhi. Watu hujidai kuifuata dini, na kumbe wanafuata vyeo ambavyo dini imevifungulia mlango. Kwa kipimo hiki nia haisomwi moyoni peke yake, inasomwa pia katika uchaguzi wa somo. Anayedai kusoma kwa ajili ya Mungu, kisha akachagua pale ambapo wamejaa na kuacha pale ambapo watu wake hawana mtu, ana swali la kujibu.

Sharti la kweli, lile la pili, nalo lina historia yake ndani ya dini. Mara nyingi husemwa kwamba dini ni kupokea na utafiti ni kushuku, kwa hiyo haviwezi kukaa nyumba moja. Wapokezi wa hadithi wanaonyesha kinyume. Sahaba Jabir ibn Abdallah alipanda ngamia akasafiri mwendo wa mwezi hadi Sham ili kuisikia hadithi moja kutoka kinywani mwa Abdallah ibn Unays, kwa sababu ilikuwa imemfikia kupitia mtu mwingine na hakuridhika. Karne ya 11 al-Khatib al-Baghdadi alikusanya kitabu kizima cha safari za namna hiyo. Kila mpokezi aliulizwa alizaliwa lini, alikutana na nani, kumbukumbu yake ilikuwaje, alipata kusema uongo au la. Kushuku hapa hakukuwa utovu wa adabu kwa Mtume. Kulikuwa njia ya kumlinda asisingiziwe.

Mfano ulio wazi ni ule usemi maarufu unaowaamuru watu waitafute elimu ijapokuwa China. Husomwa katika mihadhara na sherehe za madrasa kote Afrika Mashariki kama hadithi ya Mtume. Wataalamu wa hadithi waliuona kuwa dhaifu, na Ibn al-Jawzi aliutia katika mkusanyiko wake wa hadithi za kuzuliwa. Usemi unaotumiwa zaidi kusifu safari ya elimu haukupita mtihani wa wale walioifanya safari hiyo kwa ukweli. Aliye na haya ya kulisema hilo mbele ya hadhira inayoupenda usemi huo ana mapenzi kwa dini, lakini bado hana amana ya mtafiti. Na katika jambo la kumnasibishia Mtume maneno, amana ndiyo dini.

Nje ya elimu za dini, Cairo ilikuwa na Ibn al-Haytham, mgeni wa Basra, mwandishi wa kitabu kikubwa cha elimu ya mwanga na kuona. Ibn al-Qifti anasimulia kwamba katika miaka yake ya mwisho aliishi penye mlango wa Azhar, akijipatia riziki kwa kunakili Euclid na Ptolemy kwa mkono. Mtu huyo aliyewanakili wazee wa Kiyunani ili ale, aliandika pia kitabu cha kuonyesha makosa ya Ptolemy, na mwanzoni mwake akaweka kanuni: mtafuta haki asimwamini mwandishi kwa ukubwa wa jina; ayashuku anayoyasoma, na ajishuku mwenyewe wakati anapoyashuku. Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayoutenga utafiti na kiburi. Anayewashuku wengine tu ni mbishi. Anayejihoji na nafsi yake pia amekubali kwamba kweli iko juu yake, na kukubali huko kuna sura ya unyenyekevu ambao dini inauita kusalimu amri. Kwa sababu hiyo jibu la swali la mwanzo ni ndiyo: utafiti unaweza kuwa ibada, na shaka iliyomo ndani yake, ikiwa ni ya namna hii, haiuondolei sifa hiyo.

Kinachouharibu ni hofu pamoja na tamaa, na Azhar imevijua vyote viwili. Katika karne ya 19 usomaji ulikuwa umesimama juu ya matini, sherehe za matini, yaani vitabu vya kuzifafanua, na maelezo ya pembeni juu ya sherehe hizo. Kazi hizo hazikuwa bure. Maelezo ya Ibrahim al-Bajuri, sheikh wa Azhar kuanzia 1847 hadi 1860, yamewafaa Mashafii wengi hadi pwani ya Afrika Mashariki. Hata hivyo mlango ulikuwa mwembamba. Mwanamageuzi Muhammad Abduh amesimulia jinsi alivyompendekezea sheikh wa Azhar, Muhammad al-Inbabi, kwamba Mukadima ya Ibn Khaldun ifundishwe chuoni, akajibiwa kwamba haikuwa desturi. Ibn Khaldun mwenyewe alikuwa amefundisha katika msikiti ule miaka 500 kabla. Mwaka 1925 Ali Abd al-Raziq, kadhi na mhitimu wa Azhar, alichapisha kitabu kilichodai kwamba ukhalifa si nguzo ya dini. Baraza la wanachuoni wakubwa likamvua shahada yake. Mwaka uliofuata Taha Hussein, kipofu aliyeingia Azhar mwaka 1902 na kuondoka bila shahada yake, alitilia shaka mashairi ya kabla ya Uislamu, na kesi ikafika kwa mwendesha mashtaka.

Wanaotetea hukumu hizo husema kwamba dini ina mambo yaliyothibiti na mambo ya ijtihadi, na mtafiti hana ruhusa ya kuyagusa ya kwanza. Tofauti hiyo ni ya kweli, na hakuna dini inayoweza kuishi bila yake. Tatizo liko kwa anayechora mpaka. Ukhalifa ulihesabiwa upande wa yaliyothibiti mwaka 1925, mwaka mmoja tu baada ya Uturuki kuufuta, wakati wafalme walikuwa wakiutamani; na leo wanachuoni wengi wanaishi na kufundisha bila khalifa pasipo kuona imani yao imepungua. Mpaka uliochorwa kwa hofu ya wakati husogea hofu inapopita, lakini mtu aliyevuliwa shahada amekwisha kuumia. Hoja dhaifu hujibiwa kwa hoja. Inapojibiwa kwa adhabu, wanafunzi wanaotazama hujifunza kuuliza maswali yenye majibu yanayojulikana tangu awali, na hapo utafiti umekufa bila kuzikwa.

Tamaa, kwa upande wake, iliingia kwa njia ya heshima. Zamani mwanafunzi aliondoka na ijaza, ruhusa iliyotoka kwa mwalimu mmoja juu ya kitabu kimoja au vichache, na thamani yake ilikuwa thamani ya mwalimu huyo. Sheria ya mwaka 1872 ilianzisha mtihani wa shahada ya uanachuoni katika masomo 11. Sheria ya 1930 ilileta vitivo vitatu vya misingi ya dini, sheria na lugha ya Kiarabu. Sheria ya mwaka 1961 ikaongeza udaktari, uhandisi, kilimo na biashara, na mwaka 1962 kikafunguliwa chuo cha wasichana. Kwa kipimo cha al-Ghazali mabadiliko ya 1961 ni ushindi: faradhi ya kutoshelezana, tabibu aliyekosekana, sasa anafunzwa mahali palepale anapofunzwa fakihi. Lakini shahada ya taasisi ina bei sokoni kwa namna ambayo ijaza haikuwa nayo. Inafungua kazi, mshahara, kiti cha baraza, jukwaa. Nia imepata mshindani mwenye nguvu.

Mwanafunzi mgeni wa leo anaishi katikati ya hayo. Tangu 1959 wengi wamepokelewa katika Madinat al-Buuth, mji wa mabweni ulioko Abbasiya, ambako mtu wa Zanzibar anaweza kulala chumba kimoja na Mmalei, Mhausa au mtu wa Dagestan. Serikali ya Gamal Abdel Nasser ilifungua milango hiyo kwa moyo wa kusaidia Waislamu na Waafrika, na pia kwa hesabu za siasa. Ni zama zilezile ambapo Redio ya Cairo ilianza kurusha matangazo kwa Kiswahili, mwaka 1954. Ufadhili ni neema, na hauondoi uhuru wa akili ikiwa mwenye kutoa hadai malipo kwa fikra. Mgeni hukutana kwanza na mambo madogo: Kiarabu fasaha alichokihifadhi kwao hakisemwi sokoni, kibali cha ukaazi kinahitaji foleni, chakula ni maharage ya fuli na mkate asubuhi hadi jioni. Mtihani wa kuhifadhi Kurani humtisha aliyezoea kuandika zaidi ya kusoma kwa moyo. Wengi huvumilia kwa sababu kule nyumbani ukoo mzima umechanga nauli.

Anapofika ngazi ya uzamili na uzamivu hukutana na swali la utafiti uso kwa uso. Aina moja ya tasnifu inayopendwa Azhar ni uhakiki wa maandishi ya mkono: mwanafunzi hukusanya nakala za kitabu ambacho hakijachapishwa, akazilinganisha neno kwa neno, akatoa hadithi zilizomo, akawatambulisha watu waliotajwa, kisha akaitetea kazi yake mbele ya majopo na hadhira ya wazi. Kitabu kikubwa hugawiwa wanafunzi kadhaa, kila mmoja na kurasa zake. Wakosoaji huiona kazi hii kuwa ya kukwepa kufikiri, na kweli zipo tasnifu ambazo ni unakili tu uliovishwa tanbihi. Ila katika sura yake nzuri ni mazoezi bora ya amana. Humlazimisha mtu kutosema asichokiona kwenye karatasi, na kumtofautisha mwandishi na wanakili wake. Ni njia ya Jabir kwa zana nyingine.

Kilichobaki ni deni. Aliyesomeshwa ugenini anadaiwa na nani? Julius Nyerere aliwahi kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Asiporudi na kitu, amewasaliti waliomlisha. Al-Ghazali angesema deni ni kwa Mungu. Misimamo hii miwili inaonekana kutengana, lakini faradhi ya kutoshelezana inaifunga pamoja, kwa maana katika faradhi hiyo mtu humtii Mungu kwa kuwaondolea wenzake dhambi ya upungufu. Aya ya 122 ya Tawba inasema vivyo hivyo: lengo la kutoka limetajwa pamoja na kurejea kwa watu. Kurejea si lazima kuwe kwa mwili. Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na kufariki Zanzibar mwaka 1925, alisafiri Hadhramaut, Makka, Misri na Istanbul, akarudi na elimu iliyolisha pwani nzima. Lakini Murtada al-Zabidi hakurudi kwao, na kamusi yake ilifika kila mahali. Kinachodaiwa ni kwamba kazi iwafikie wanaoihitaji.

Kwa wanafunzi wa Afrika Mashariki walioko Cairo, Madina, Khartoum au kwingineko, wanaohitaji mada ya tasnifu, kazi ipo. Maandishi ya mkono ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, yamepigwa picha chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza na yanaweza kusomwa kwa kompyuta. Mengine yako katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar na katika masanduku ya familia za masharifu na makadhi. Azhar yenyewe, katika Kitivo cha Lugha na Tafsiri, inafundisha Kiswahili, kwa hiyo wasomaji wa Kiarabu na Kiswahili wako chini ya paa moja. Sherehe za kitabu kimoja cha fikihi zimehakikiwa tena na tena, na maandishi ya wanachuoni wa pwani yaliyohakikiwa ni machache mno. Atakayechagua mada yake mwaka huu na aanzie hapo.